Bastola ya Kuficha, Joto la Kufichua

Kontrakta mmoja wa hapa Lodwar, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu yeye ana bastola na mimi sina, ameapa kwamba mwaka huu hautaisha kabla sijanunua yangu. Kila akipita dukani ananiuliza kama nimeshachagua. Haulizi kama nataka. Kwake hilo lilikwisha kitambo, kilichobaki ni aina na saizi.

"Mzee wangu," huniambia, ameegemea mifuko ya saruji, "wewe ni mfanyabiashara. Unauza Lodwar, unapeleka mali Kakuma, maisha yako yote ni barabarani. Mtu wa hadhi yako hatembei mikono mitupu."

Hadhi yangu! Mimi nauza misumari, mabati, rangi na mabomba ya maji. Jambazi akinivamia njiani ataondoka na katoni ya misumari ya inchi nne na maumivu ya mgongo. Lakini Kontrakta hasikii. Wenzake wa Nairobi huiita bastola mguu wa kuku. Yeye huiita usalama. "Nimebeba usalama," husema, akijipapasa kiunoni, halafu anatazama kushoto na kulia kuona nani ameona. Hapo ndipo mimi na yeye tulipoanza kutoelewana. Kitu kinaitwa cha kuficha, na mwenye nacho hana raha mpaka kionekane.

Basi nikaamua kulichunguza jambo hili kwa haki, nikaanza na sheria, kwa kuwa kuisoma hakuhitaji nauli. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haisemi kwamba kila mwenye hofu apewe bastola. Inasema hakuna kumiliki silaha bila cheti, na cheti hakitolewi mpaka uwe na sababu nzuri. Tena asipewe mwenye akili zisizotulia, wala mlevi, wala mtu yeyote ambaye kwa sababu nyingine hafai kukabidhiwa bunduki. Kontrakta husoma mstari wa ulevi kwa kasi sana.

Kwanza unatafuta cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, DCI, vidole vyako vyote kumi vinachukuliwa alama, maafisa wa usalama wa eneo lako wanakupekua wajue unagombana na nani, ndipo faili ipande Nairobi kwenye Bodi ya Leseni za Silaha. Ukishapata, usidhani umemaliza. Desemba 2018 serikali iliwaita wenye leseni wote wahakikiwe upya ndani ya siku 90, na watu wazito waliozoea kuuliza maswali wakajikuta wanaulizwa wao. Mimi kitambulisho tu kikipotea naumwa na kichwa wiki nzima nikifikiria foleni. Sasa nitafute karatasi nyingine ya kuogopa kuipoteza?

Na ile "sababu nzuri" ilinikwamisha mapema. Nilikaa na kalamu kaunta nikitafuta yangu, mteja akaingia kununua bawaba, nikaiacha.

Kuhusu kuchagua, Kontrakta ana mhadhara kamili, na hutoa bila kuombwa. Kuna Glock, ya Austria, ambayo jeshi la nchi hiyo liliikubali mwaka 1982, kiunzi chake plastiki. Ile kubwa, Glock 17, inabeba risasi 17. Ndugu yake mfupi, Glock 19, anabeba 15, na bila risasi uzito wake ni kama gramu 600, nusu kilo ya sukari na vijiko kadhaa vya ziada. Halafu kuna Ceska, ya Wacheki, ambayo kila Mkenya anayesikiliza taarifa ya habari anaijua hata kama hajawahi kuiona, maana kila genge likinaswa hutajwa yeye. Ile ya CZ 75 ni chuma tupu, yapata kilo moja. Na kuna vile vijembamba vya siku hizi, mfano wa Glock 43 iliyotoka mwaka 2015, vinavyoingia mfukoni lakini vinabeba risasi sita tu.

Kanuni yake, kwa mujibu wa Kontrakta, ni rahisi. Ndogo hufichika lakini hubeba risasi chache na huruka mkononi ukipiga. Kubwa hutulia mkononi, hulenga vizuri, lakini inataka koti.

Hapo kwenye koti ndipo mhadhara unapofia.

Jamani, hii ni Lodwar. Mchana wetu wa kawaida ni nyuzi 35, na siku ambayo jua limeamka vibaya hupita hapo. Wakoloni walipomleta Jomo Kenyatta hapa mwaka 1959, wakimtoa Lokitaung, walijua wamempata askari msaidizi asiyelipwa mshahara, naye ni jua. Nairobi mtu anaamka Julai, baridi yenyewe inamvisha sweta na koti, bastola inakaa ndani na hakuna anayeuliza. Huku ukimwona mtu amevaa koti saa saba mchana, ni mambo mawili: ama ni bwana harusi, ama ana bastola. Na kama si Jumamosi, si bwana harusi.

Kontrakta anavaa koti la kaunda suti. Jasho linaanzia kisogoni, linashuka mgongoni, linaishia pale usalama ulipo. Majirani zangu wa soko hawana haja ya kumpekua. Wanamtazama tu anavyolowa, wanajua.

Nilimwambia basi nijaribu bila koti, shati juu ya kiuno. Akanifundisha jinsi ya kulivaa shati kubwa, lisilochomekwa. Vizuri. Lakini jioni huku upepo unavuma kutoka upande wa ziwa, na upepo wa Turkana hauheshimu mavazi ya mtu. Unainua shuka za wazee, unapekua shati langu, na watoto wote wa mtaa wa Kanamkemer wanaona nilichobeba kabla mimi sijashusha mkono. Hata ukitulia upepo, ukikaa kwenye benchi la chai kile kitu kinatokeza ubavuni, unaonekana kama mtu aliyeiba chupa ya chai kwenye harusi.

Kifundoni mwa mguu? Wenzetu wa sinema huvaa hapo, chini ya suruali na soksi. Mimi navaa akala, zile ndala za tairi, na kaptula siku za joto, yaani kila siku. Kwapani? Ile mikanda ya kwapani ivaliwe juu ya fulana yangu yenye matundu, nitaonekana mgonjwa aliyetoroka wodini na vifaa. Kwenye mkoba? Mkoba wangu wajukuu wa dada yangu huupekua kabla sijaketi, wakitafuta peremende. Hapo sitanii. Kitu cha namna hiyo hakikai mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, basi.

Na usafiri je? Huku tunapanda boda boda watatu, sheria iniwie radhi. Abiria wa nyuma yako lazima akushike kiuno, la sivyo ataachwa kwenye matuta. Akishika na kukuta chuma, siri imekwisha na uvumi umeanza, na kabla hujafika mjini habari imeshafika kwa mke wako, imeongezwa chumvi.

Mke wangu mwenyewe nilimgusia jambo hili wakati wa chakula cha jioni. Hakupandisha sauti. Alinitazama kwa huruma.

"Baba watoto," akasema, "nyumba hii ina vyumba viwili na kabati moja. Pesa unazonificha nazipata. Ile simu ya pili niliipata. Bastola utaificha wapi?"

Nikamweleza kwamba mwenye leseni hutakiwa aitunze silaha mahali salama, kwenye sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti. Akaniuliza ukuta wa nani. Hapo alinishika. Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba hajawahi kuniruhusu kupigilia hata msumari wa kalenda, mimi ninayeuza misumari mji mzima.

Nikaona nipate pia maoni ya wazee. Nina mjomba, mzee wa mifugo, ambaye akija mjini hufikia kwangu, hukaa juu ya kiti chake kidogo, ekicholong, nje ya duka na kuwasengenya wateja wangu. Nikamwonyesha picha ya bastola kwenye simu.

"Hii ni ya kuua nini?" akauliza. "Kanga?"

Nikamwambia ni ya kujilinda, imeundwa ndogo makusudi ili ifichike. Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo chote, kisha akanirudishia. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa," akasema.

Lazima mumsamehe. Mzee huyu ni wa nchi ambayo bunduki haikuingia kwa siri, na haikuwahi kuwa ndogo. Babu zake walipigana na Waingereza wakiwa na bunduki zilizotoka Ethiopia, chini ya kiongozi wa vita aliyeitwa Ebei, mpaka serikali ya kikoloni ikaleta ule msafara wa kijeshi wa Labur mwaka 1918 na kuwapokonya watu silaha na mifugo. Halafu mwaka 1979 Idi Amin akaanguka, askari wakaikimbia kambi ya Moroto kule Uganda, na jirani zetu wa Karamoja wakaingia ghalani wakajichukulia bunduki kwa maelfu. Waturkana wa mpakani waliamka wakakuta mkuki, akwara waliyorithi, umekuwa fimbo tu. Tangu hapo kila upande ulitafuta bunduki zake. Ripoti moja ya kampeni ya kudhibiti silaha ya mwaka 2006 ilisema kwamba kule Kolowa, kwa majirani zetu Wapokot, AK-47 ilikuwa inanunuliwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986, na kufika 2005 bei ikawa ng'ombe wanne. Ni bidhaa gani nyingine imeshuka bei namna hiyo? Saruji haijawahi.

Mjomba hucheka kuhusu bastola yangu, lakini ukimtajia Todonyang, kule mpakani, hacheki. Watu wetu waliuawa huko Mei 2011, na Februari 2025 wavuvi wakashambuliwa tena. Yeye amezika. Anajua bunduki ni kitu kinachobebwa begani, mchana, mbele ya watu wote, na kila anayekiona anajua ni cha nani na kinalinda nini. Hata polisi wa akiba, wale tuliozoea kuwaita KPR, wakati wamepewa bunduki zao za G3 hutembea nazo hadharani kati ya mbuzi, na zilipokusanywa mwaka 2019 kijiji kizima kilijua siku ileile nani amebaki na fimbo. Mzee akisikia mtu ananunua silaha ili isionekane, swali lake la kwanza ni moja tu: anamficha nani, na amemkosea nini?

Nikamweleza swali hilo Kontrakta. Akasema wazee hawaelewi mambo ya kisasa. Akanirudisha kwenye barabara.

Haya, barabara. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, siku hizi lami. Ukielekea upande wa pili, kusini, kuna Kainuk, ambako miaka nenda miaka rudi magari yamepigwa risasi na watu wamekufa, na ambako msafara wenye askari ni jambo tulilokua nalo. Sasa tufanye hesabu, maana mimi ni mtu wa duka. Anayevizia barabara yuko kilimani nyuma ya mawe, na AK yenye risasi 30 na uwezo wa kumfikia mtu mita 300. Mimi niko chini ndani ya Probox, wa nne kwenye kiti cha nyuma, kiwiko changu kimo mbavuni mwa mwalimu wa shule ya msingi, na mapajani nimebebeshwa kuku wa mama wa mbele. Bastola yangu inafaa kwa hatua chache, tena mikononi mwa mtu aliyefanya mazoezi. Ili niitoe, lazima kwanza nimwombe mwalimu asogee. Mwalimu hana pa kusogea. Na nikifanikiwa kuitoa, nimewajulisha walio kilimani wamlenge nani.

Mazoezi yenyewe sasa. Silaha ya namna hiyo bila shabaha ni mzigo na hatari kwa wenye nyumba. Lakini viwanja vya shabaha vya raia viko kule Kiambu na Nairobi, karibu kilomita 700 kutoka kaunta yangu. Eti nifunge duka, nisafiri kutwa kucha, nikatoboe karatasi, nirudi. Wanangu wameomba tutembee Nairobi miaka, nimewaambia hakuna pesa.

Yupo anayejua kubeba silaha bila kelele, na hakuhitaji Bodi. Mtazame mzee wa Kiturkana akija mnadani. Kifundoni mwa mkono amevaa abarait, kile kisu cha mviringo, makali yake yamevishwa ukanda wa ngozi. Kila mtu anakiona, hakuna anayeshtuka. Ukifika wakati wa kuchinja, anavua ngozi, mbuzi anagawanywa, ngozi inarudi mahali pake. Kwenye mkono mwingine kabeba ekicholong. Mchana kiti, usiku mto wa kulalia. Nilimwuliza Kontrakta bastola yake hufanya kazi gani siku ambazo havamiwi. Alifikiri sana. Akasema humpa kujiamini. Nikamwambia hata mbuzi haigawi.

Na hiyo siri anayoibeba kwa jasho, mwenyewe huitangaza kila akisafiri kwa ndege. Mwenye leseni hawezi kupanda na silaha kiunoni. Lazima aitaje uwanjani, aitoe risasi, aikabidhi isafirishwe kwa utaratibu wake. Nairobi pengine hilo hufanyika pembeni bila watu kujua. Uwanja wetu wa Lodwar si mkubwa, na abiria ni walewale: mwalimu, muuguzi, padri, mheshimiwa diwani, na shangazi wa mtu. Kontrakta anaita afisa kando kwa sauti ya chini, wote wananyamaza ili wasikie. Anaporudi kwenye benchi, shangazi amesogea viti viwili na padri anamtazama kwa macho ya kumwombea.

Lakini somo lenyewe nililipata Kakuma.

Tulialikwa, mimi na yeye, kwenye mkutano wa wauzaji wa vifaa katika ofisi za shirika moja. Kakuma si mahali padogo. Kambi ilianza 1992 kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan, na sasa ukijumlisha na Kalobeyei unapata watu wanaopita laki mbili, wa mataifa chungu nzima. Biashara ipo. Watu wanajenga, watu wanaezeka, mto Tarach ukifurika wanajenga upya. Kwa muuza mabati, mkutano wa namna hiyo haukoswi.

Tukafika langoni. Mnaijua ile picha iliyobandikwa kwenye malango na magari ya mashirika: bunduki ndani ya duara, imekatwa kwa mstari mwekundu. Mlinzi, kijana mpole asiye na silaha yoyote isipokuwa kalamu, akatuuliza kama tuna kitu cha namna hiyo.

"Hapo mmechora AK," Kontrakta akasema. "Mimi ninayo bastola. Tena ina leseni."

Kijana akaitazama ile picha, akamtazama Kontrakta. "Mzee, hapa hata kisu cha vitunguu tunauliza," akasema.

Kontrakta akatoa kadi. Kijana akaisoma yote, akaisifu, akamrudishia. Lango halikufunguka. Kontrakta akanivuta pembeni.

"Mzee wangu, nishikie. Wewe ingia baadaye kidogo."

Nikamwambia sheria aliyonifanya niisome inasema cheti ni cha mtu mmoja, na nikikutwa na bastola ya mwenzangu nitaieleza mahakama mambo ya urafiki. Nikamshauri aende akaiweke kituo cha polisi. Akasema kituoni wataiandika kitabuni, na ikiandikwa kitabuni kesho Kakuma yote itajua. Nikamwambia mlinzi ameshajua, dereva ameshajua, na yule mama wa mandazi kando ya lango alijua tangu ulipotaja leseni.

Basi mimi nikaingia mkutanoni, yeye akabaki ndani ya gari. Gari haliwezi kuachwa lina silaha. Silaha haiwezi kuachwa bila mwenyewe. Dirisha haliwezi kuachwa wazi. Mle ndani wakatupa maji baridi na biskuti, wakatueleza utaratibu wa tenda, nikapata oda ya matoroli na mabomba. Nilipotoka, Kontrakta alikuwa amelowa mpaka kwenye soksi, koti bado mwilini, mkono bado kiunoni. Alikuwa ameshinda saa zote hizo akiilinda silaha inayomlinda.

Tangu hapo hesabu yangu imekaa sawa. Mwizi anatafuta nini kwangu? Pesa haiko mfukoni. Wateja wanalipa kwa simu, nami nalipa kwa simu, na hata mkinivua nguo mtapata salio la data tu. Misumari nimeshaieleza. Kwa hiyo siku nikinunua bastola, kitu cha thamani kuliko vyote nitakachokuwa nimebeba mwilini ni bastola yenyewe. Ndiyo itakayotafutwa, maana jambazi asiye na silaha hakuna anachokitamani zaidi ya silaha ya mtu aliyejaa woga. Nitakuwa nimejinunulia kwanza kitu cha kuibiwa, halafu niwe mlinzi wake usiku na mchana, bila mshahara, ndani ya koti.

Sisemi Lodwar hakuna wezi. Wapo, na wangu nawajua kwa majina. Tofauti ni kwamba hawajawahi kunivizia kichakani kwenye mathenge. Huingia dukani mchana, wanaondoa kofia, wananisalimu "Ejok," wanauliza hali ya watoto, halafu wananiwekea kaunta karatasi ya oda, LPO, kutoka ofisi fulani na kuondoka na mali yangu kwa mkokoteni. Ofisi italipa mwezi ujao. Mwezi ujao bajeti haijapita. Bajeti ikipita, aliyesaini amehamishwa. Wanaonifilisi mimi hawana bunduki, wana mihuri, na kwa muhuri hakuna risasi ya milimita tisa inayosaidia.

Kontrakta ndiye wa kwanza kwenye daftari. Ile saruji anayoiegemea akinishauri kuhusu usalama, ya mwaka jana kama hiyo hajailipia. Juzi, alipoanza tena habari za Glock na Ceska, nikafungua daftari nikamgeuzia asome.

"Mzee wangu," akasema kwa unyonge, "unajua mwenyewe. Ofisi haijanilipa."

"Najua. Na bastola uliinunuaje?"

Akanitazama, ameshangaa kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Ile ilikuwa keshi," akasema. "Nani anauza silaha kwa mkopo?"

Nikakaa kimya, maana katika mihadhara yake yote, hilo ndilo neno la maana alilowahi kuniambia. Wenye biashara ile wana akili. Hawakubali LPO, hawasubiri bajeti, hawaulizwi hali ya watoto. Unaweka pesa mezani ndipo unapewa mali, na karatasi zako zisipokamilika unarudi nyumbani.

Jioni hiyo nilichukua kipande cha mbao na rangi nyekundu kutoka rafu yangu mwenyewe, nikaandika kwa herufi kubwa: HATUKOPESHI, HATA MWENYE LESENI. Nikakitundika juu ya mifuko ya saruji, pale anapoegemea.

Asubuhi yake akaingia konstebo mmoja anayejenga nyumba ndogo karibu na Kawalase. Akalisoma bango taratibu, akachagua mabati yake, kisha akaniuliza kama linamhusu pia mtu mwenye sare. Nikamwomba anishikie ngazi, nikaongeza mstari wa pili.